Jiwe la mpaka, ibada ya baba na shamba la shangazi

Msomaji anauliza: "Marehemu baba alituachia ibada ya nyumbani, kila siku saa 11 alfajiri, tenzi mbili na sura moja ya Biblia. Sasa tuna watoto wa shule, nikapendekeza tuihamishie jioni. Kaka yangu mkubwa akakataa katakata, akanisomea Mithali 22:28: 'Usiondoe alama ya mpaka wa zamani, uliowekwa na baba zako.' Je, mstari huo unahusu mambo ya ibada? Na nifanye nini ili imani ya baba isiishie kwetu? Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Shangazi yetu ni mjane, hakujaliwa mtoto, na shamba alilopewa na babu linapakana na letu. Kila msimu tumekuwa tukiingia upande wake kidogo kidogo. Kaka anasema shangazi halihitaji lote."

Ndugu yangu, hilo uliloliweka mwisho kwa kusitasita ndilo Mithali 22:28 inalolisema. Nitaanza nalo, ibada itafuata.

Mstari huo umo katika mkusanyo unaoitwa maneno ya wenye hekima, unaoanzia Mithali 22:17 hadi 24:22. Mistari michache nyuma yake, 22:22-23, inakataza kumnyang'anya maskini kwa sababu ni maskini. Sura inayofuata inalirudia katazo lilelile la mpaka na kutaja ni shamba la nani: "Wala usiingie katika mashamba ya yatima" (23:10). Ayubu 24:2-3 inawaweka waondoao mipaka katika orodha moja na watu wanaotwaa punda wa yatima na ng'ombe wa mjane. Mithali 15:25 inasema Bwana huufanya imara mpaka wa mjane. Hata nje ya Israeli jambo hili lilijulikana: mafundisho ya Amenemope wa Misri, ambayo wataalamu wengi wanayaona kuwa ya zamani kuliko sehemu hii ya Mithali, yanakataza kusogeza alama ya mpimaji shambani na kuuvamia mpaka wa mjane. Basi mjane anatajwa waziwazi. Kaka yako ameusoma mstari akaelekeza kidole sebuleni, na shamba liko nje pale.

Kwa nini jiwe moja lilichukuliwa kwa uzito namna hiyo? Katika Israeli ardhi iligawanywa kwa kura, kabila kubwa likipata zaidi na dogo kidogo (Hesabu 26:54-56), na mwenyewe hasa alikuwa Mungu: "Nchi hii ni yangu mimi" (Walawi 25:23). Mtu aliyebanwa na umaskini aliweza kuuza shamba, lakini alichouza ni mavuno ya miaka iliyobaki hadi yobeli, na bei ilipanda au kushuka kwa kuhesabu miaka hiyo (Walawi 25:15-16). Mwaka huo wa yobeli, ndio wa 50, shamba lilirudi kwa ukoo. Mpaka ulikuwa ndio kumbukumbu ya wapi lirudi. Ukiuhamisha, umemnyima mtu hata njia ya kurejeshewa, yeye na watakaomfuata. Ndiyo maana Nabothi alimkatalia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu ingawa aliahidiwa lililo bora zaidi au fedha taslimu (1 Wafalme 21:2-3). Aliona kwamba hana mamlaka ya kuuza kile alichokabidhiwa tu.

Angalia pia namna wizi huu unavyofanyika. Hauna kelele. Tuseme mwenye jembe la kukokotwa anavuka kwa sentimita 20 kila mwaka. Mwaka wa kwanza hakuna anayeona. Baada ya miaka 15 ameingia mita 3, na kama mpaka una urefu wa mita 100, ameshachukua mita za mraba 300. Kufikia hapo wazee waliokuwepo jiwe likichimbiwa wamekufa, na vijana wamekua wakiona mpaka mpya, hivyo wataapa kwa moyo safi kwamba ndio wa siku zote. Kesi ya namna hiyo mahakama huiona ngumu kwa kukosa mashahidi. Kumbukumbu la Torati 27 inalijua hilo. Zile laana 12 za mlima Ebali zinagusa sana dhambi za sirini: sanamu iliyofichwa, kumpoteza kipofu njia, kumpiga mwenzako kwa siri. Ya tatu ni ya mpaka: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina." Mahali ambapo shahidi hapatikani, taifa zima linaitikia Amina juu ya mkosaji asiyejulikana, naye akiwa amesimama humo humo katikati yao akiitikia.

Mithali 23:11 inaongeza kwamba mtetezi wa yatima ni hodari. Kwa sheria ya Walawi 25:25, jamaa wa karibu alikuwa na wajibu wa kukomboa ardhi ya ndugu aliyekwama, kama Boazi alivyofanya kwa Naomi na Ruthu. Asiye na jamaa wa kumtetea, Mungu mwenyewe anaikalia nafasi hiyo. Sasa tazama hali ya shangazi yenu. Jamaa wa karibu anao. Ninyi watoto wa kaka yake ndio mliopaswa kuwa Boazi wake, na ninyi hao hao ndio mnaommega. Hoja ya kwamba halihitaji lote haina mahali katika Maandiko. Hakuna sheria inayopima urithi wa mjane kwa idadi ya watoto wake. Pale mabinti watano wa Selofehadi walipobaki bila ndugu wa kiume, Mungu alisema wamenena haki, wakapewa fungu la baba yao (Hesabu 27:7).

Utaratibu wa kurekebisha ni huu. Kwanza msimamishe kulima ukanda wote wenye shaka, leo, kabla ya kikao chochote, maana kila msimu unaopita unaongeza deni. Kisha tafuteni ushahidi wa mpaka wa babu: hati au barua za ugawaji kama zipo, wazee wa majirani wanaopakana pande zote, na alama zisizohama kama mti mkubwa wa zamani, mkondo wa maji au njia ya miguu. Jiwe pekee msilitegemee sana, jiwe ndilo linalobebeka. Mkiweza, mwiteni mpimaji anayetambuliwa kisheria, na gharama zake mlipe ninyi. Shangazi awepo shambani siku hiyo pamoja na mtu anayemwamini ambaye hana chochote cha kupata wala kupoteza katika jambo hili. Hapa ndipo familia nyingi huharibu. Humuita mama peke yake, wanaume wanne wamemzunguka, wakamuuliza kama ana neno, akajibu hana. Kukubali kwa namna hiyo ni woga tu.

Mpaka ukishathibitika, wekeni alama upya zikiwa zimechimbiwa chini, pigeni picha, andikeni makubaliano na wote watie sahihi. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, nakala moja ikapigwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zote mbili zikawekwa katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi (Yeremia 32:9-14). Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji wakati huo, na bado karatasi zilifuata taratibu. Ninyi mna amani, hamna kisingizio. Nakala moja abaki nayo shangazi mwenyewe, ya pili ikae kwa mtu wa nje ya familia.

Halafu kuna mavuno mliyokwisha kula. Walawi 6:5 na Hesabu 5:7 zinataka kilichochukuliwa kirudishwe chote na kuongezwa sehemu ya tano. Kama ukanda ule uliwapa magunia 10 kwa misimu yote, mnadaiwa 12. Hesabuni kwa ukarimu pale kumbukumbu zinapokosekana. Mkristo anaweza kusema sheria ile ilikuwa ya Israeli, na ni kweli, ila Zakayo aliyekutana na Yesu ana kwa ana alijitajia mara nne (Luka 19:8), kwa hiyo sehemu ya tano ni ndogo. Msimpelekee kama zawadi. Ikiitwa zawadi atawashukuru, nanyi mtakuwa mmeficha kosa ndani ya shukrani zake.

Sasa ibada. Je, Mithali 22:28 inaweza kutumika kwa mambo ya imani? Kwa mlinganisho, ndiyo. Hosea 5:10 inawafananisha wakuu wa Yuda na watu waondoao alama ya mpaka, akiwa analaumu uongozi mbaya, si upimaji wa ardhi. Wahubiri wanaoutumia mstari huu kutetea mafundisho ya msingi hawajatoka nje ya Biblia. Tatizo linaanza pale kila desturi inapopewa hadhi ya jiwe la mpaka. Uliza mambo mawili: nani aliliweka, na likiondolewa nani anaumia. Kuwafundisha watoto neno la Mungu nyumbani kumeamriwa (Kumbukumbu la Torati 6:7). Mkiacha, wanaoumia ni watoto. Saa 11 alfajiri aliichagua baba yenu, pengine kwa sababu nzuri za kazi yake. Na aya hiyohiyo ya Kumbukumbu inataja uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Jioni imo.

Biblia yenyewe inaonyesha desturi za mababa zikienda njia tofauti. Nyoka ya shaba ilitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu (Hesabu 21:8-9), huwezi kupata chimbuko safi kuliko hilo. Hata hivyo Hezekia aliivunja vipande vipande kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba (2 Wafalme 18:4), na anasifiwa. Kinyume chake, Warekabi wa Yeremia 35 walikataa divai, hawakujenga nyumba wala kupanda mbegu, kwa kuwa baba yao Yonadabu, aliyeishi zaidi ya miaka 200 nyuma yao, aliwaagiza hivyo. Mungu aliwasifu mbele ya Yuda yote. Kaka yako akiisoma sura hiyo atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Utii kwa mzazi si jambo la kubezwa, na wewe usimwone mshamba kwa kuupenda. Lakini Yeremia hakuwaagiza watu wengine wahamie kwenye mahema, na Warekabi wenyewe, jeshi la Babeli lilipopanda juu ya nchi, waliingia kuishi Yerusalemu (35:11). Walijua kipi cha agizo kinaweza kulegezwa maisha yakibanwa, na divai hawakunywa.

Kibaya kuliko vyote ni desturi inayotumika kufunika deni. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu, ili wasiwape wazazi wao wazee. Mapokeo ya kidini yalikuwa yamegeuzwa kuwa uzio wa kuwazuia baba na mama wasipate haki yao. Nyumba inayoamka alfajiri kuimba tenzi na saa mbili asubuhi inalima shamba la mjane haiko mbali na hapo. Mwambie kaka yako hilo kwa upole, mkiwa wawili tu.

Kuhusu namna ya kubadilisha saa, nakushauri mfuate njia ya wale mabinti wa Selofehadi. Hawakunung'unika mahemani wala kuanzisha ibada yao pembeni. Walisimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaeleza haja yao. Kanuni ikarekebishwa. Baadaye wazee wa ukoo wakaja na hofu yao, kwamba wakiolewa nje fungu la kabila litahama, nayo ikasikilizwa, kanuni ikaongezewa sharti (Hesabu 36). Upande uliotaka mabadiliko ulipata haki, na upande uliohofu hasara nao ulipata kinga. Kwa hiyo muulize kaka yako anahofia nini hasa. Huenda anahofu kwamba jioni watu watachoka, wageni watakuja, runinga itawashwa, na ndani ya miezi mitatu ibada itakuwa imekufa. Hofu hiyo ina msingi, hali hiyo hutokea sana. Mpeni kinga: jaribio la miezi 3, saa moja isiyobadilika, mtu mmoja wa kuongoza kwa wiki, dakika 20 zisizidi, na alfajiri ya siku moja ya juma ibaki kama baba alivyoiacha. Ikishindikana, mrudi kulikokuwa bila kuoneana aibu.

Swali lako la imani kupita vizazi ndilo refu kuliko yote. Waamuzi 2:10 inasema baada ya kizazi cha Yoshua kiliinuka kizazi kisichomjua Bwana, ilhali mawe 12 yaliyotolewa mtoni Yordani kuwa ukumbusho yalikuwa yamesimamishwa Gilgali. Kumbukumbu ilikuwepo na maelezo yalikuwa yamekoma. Ukisoma Kutoka 12:26, Kutoka 13:14, Kumbukumbu la Torati 6:20 na Yoshua 4:6 utaona mpango mmoja: kuna ishara, mtoto anauliza maana yake, mzazi anajibu kwa habari ya yale Mungu aliyotenda. Ishara isiyoulizwa hubaki jiwe tu. Katika nyumba nyingi za waamini, mtoto akiuliza "kwa nini tunafanya hivi?" huambiwa anyamaze asome. Hapo ndipo mnyororo unapokatika.

Kwa hiyo anzisheni daftari la familia. Kila jambo mlilorithi lipate ukurasa wake: nani alilianzisha, mwaka gani, alikuwa anapitia nini, andiko gani lilimwongoza, na kipi kinaweza kubadilika bila jambo lenyewe kufa. Kwa ibada ya alfajiri mtagundua haraka kwamba mnajua saa na hamjui sababu. Nani anaijua? Mara nyingi ni ndugu wa marehemu waliokua naye, na kwenu huenda ni shangazi huyo huyo. Anaweza kuwa ndiye mtu pekee aliye hai anayejua kaka yake aliamini lini na kwa nani. Lakini usimwendee na daftari kabla hujamwendea na habari ya mpaka.

Andikeni na makosa. Zaburi 78:4-8 inataka watoto wasimuliwe sifa za Bwana wapate kumtumaini, na papo hapo inataka wasiwe kama baba zao, kizazi cha ukaidi. Historia ya familia iliyosafishwa mno huwavunja vijana siku wanapojua ukweli kutoka kwa jirani. Ukurasa wa shamba la shangazi uandikwe pia, tarehe, vipimo na magunia.

Usidhani ucha Mungu wa mzazi hujipitisha wenyewe. Gideoni alibomoa madhabahu ya Baali ya baba yake, halafu akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, iliyokuwa tanzi kwa nyumba yake (Waamuzi 8:27). Hezekia yule aliyevunja nyoka ya shaba, alipoambiwa wanawe watachukuliwa Babeli, alijifariji kwamba amani itakuwepo siku zake (2 Wafalme 20:18-19). Mwanawe Manase akatawala miaka 55 akijenga upya alivyovibomoa baba yake. Kwa upande wa Timotheo baba alikuwa Myunani, na imani ilipita kwa bibi Loisi na mama Eunike (2 Timotheo 1:5). Paulo anapomwagiza akabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaofundisha wengine (2 Timotheo 2:2), ukihesabu kuanzia Paulo mwenyewe ni mikono minne. Tumia hesabu hiyo nyumbani: usijiulize tu kama mwanao anajua kusali, jiulize kama ameshamfundisha mdogo wake. Kijana wa miaka 12 anaweza kuongoza ibada mara moja kwa mwezi, achague sura mwenyewe, aandae maswali mawili. Atakosea, na watu wazima wajizuie kumsahihisha katikati.

Mambo haya mawili, shamba na ibada, yawe na vikao viwili tofauti, la shamba likitangulia kwa wiki kadhaa. Finehasi na wakuu 10 walivuka Yordani kuuliza kwanza kabla ya vita kuhusu madhabahu ya wana wa Reubeni na Gadi (Yoshua 22:13-34), wakakuta haikuwa uasi; nenda kwa kaka yako kwa namna hiyo, ukiuliza. Akikataa kabisa mpimaji, shangazi ana haki ya kwenda kwenye vyombo vya sheria, na wewe ukiitwa utoe ushahidi wa ulichokiona, hata kama kinakugusa mwenyewe. Msiyachanganye katika kikao kimoja kwa sababu ya kuokoa muda. Yakikutana mezani, mtu ataanza kusema "mimi nitakubali jioni, nanyi mliache lile shamba", na haki ya shangazi itakuwa imegeuka bei ya kubadilishia saa ya ibada.